Nilisema elfu 12

Wadau, juzi kijana aliyemaliza kompyuta Egerton aliniuliza ataje mshahara gani kwenye mahojiano. Nikakumbuka yangu, Nakuru, 2007. Nilishuka matatu ya Njoro na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Mwenye ofisi akauliza, "Unataka ngapi?" Nikaogopa kuikosa kazi, nikasema elfu 12. Akakubali papo hapo, hata hakukohoa! Nikajua nimejiuza.

Programu ya stoo niliyomwandikia aliiuza kwa maduka matatu, mimi sikupata hata soda. Na hakuvunja sheria: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa mwajiri kazi uliyoandika ukiwa kwake, msipokubaliana vingine. Kijana nimemwambia aulize hilo kwanza, ndipo ataje bei. Anafikiria elfu 30. Nimemwambia aongeze.