Tuzo Lagos, kopi Isingiro

Wadau, Machi 2016 Elizabeth Michael 'Lulu' alibeba tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kule Lagos, kwa Mapenzi ya Mungu. Richie naye akatwaa ya filamu bora ya Kiswahili, kwa Kitendawili. Nilishangilia kama nimeshinda mimi.

Halafu nikakumbuka banda la video pale Isingiro, enzi Kyerwa ikiwa bado Karagwe. Tulibanana kwenye mabenchi tukiangalia filamu za Bongo, karibu zote kopi za kuchoma. Waigizaji tuliowashangilia hawakuona hata senti ya kiingilio chetu.

Tuzo ni heshima, sawa. Lakini heshima hailipi kodi ya nyumba. Siku hizi nikitaka filamu, nalipia. Nimechelewa, najua. Wewe je?