Zipu iliyogoma kiunoni

Leo tunazungumza habari ya choo. Atakayeona haya asome kwa jicho moja, lakini asome.

Sisi washoni tunawaona maharusi kuliko hata mama zao, maana mbele yetu huvua baibui na kubaki na shimizi. Mwezi wa Mfunguo Mosi tulikuwa na bi harusi mmoja hapa Unguja, tukampima kiuno inchi 27. Wiki tatu baadaye akaja kulijaribu gauni. Mikono imekonda, mashavu yamebonyea, lakini zipu imegoma kiunoni. Tukapima tena: inchi 30. Khalati yake aliyemsindikiza akatutazama, sisi tukatazama pini zetu. Mnajua alichokuwa anawaza. Na neno kama hilo likishatoka dukani halirudi.

Tukamwomba khalati atusubiri nje, tukafunga mlango, tukamuuliza mwenyewe. Akalia kwanza. "Dada, damu yangu ya mwezi imekatika juzi tu. Siku tisa sijapata choo."

Nyumba imejaa wageni, choo kimoja, kila akiingia mtu anabisha hodi, akawa anajizuia. Anakula kidogo ili apungue, maji hanywi. Tena alikuwa amepewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo huwafunga choo baadhi ya watu. Bibi yake akamnywesha sanamaki mara mbili, tumbo likasokota tu. Tangu jana yake hata upepo haupiti, na asubuhi ile alikuwa ametapika.

Hapo pini zilituanguka. Sanamaki imetajwa katika tiba za Mtume (s.a.w.), hatuidharau. Lakini tumbo lililojaa, linauma, upepo haupiti na mtu anatapika, halingoji kesho wala haliongezwi dawa ya kuharisha, kwani utumbo unaweza kuwa umeziba. Tulimpigia simu mama yake, na hospitali alifika kabla ya magharibi. Wakampiga picha ya tumbo, wakakuta choo kimekauka na kujikusanya chini. Kikatolewa kwa kutiwa maji kwa nyuma. Alhamdulillah, hapakuwa na cha kupasua.

Tulipokwenda kumtazama, daktari, mwanamke mwenzetu, alituweka kitako. Si lazima choo kiwe cha kila siku: kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida. Kikipungua hapo au kikawa cha kujikamua, mara nyingi maji, matunda, mboga, kutembea na kuitikia haja inapokuja hutosha. Ila ukiona damu, usijiambie ni bawasiri tu. Hata ikiwa ndiyo, akwambie aliyekukagua. Choo cheusi kama lami vilevile (vidonge vya damu navyo hukitia weusi, basi mwambie kama unavimeza). Nenda pia ukikonda bila kutaka, au choo kikibadilika na kubaki hivyo wiki tatu na zaidi, na usichelewe ikiwa kwenu yuko aliyeugua saratani ya utumbo au umri umeshakwenda. Mwenye mimba asichemshe sanamaki bila kuuliza.

Bi harusi alituambia alinyamaza kwa haya. Haya ni katika imani, kweli. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kutozuiwa na haya kuuliza mambo ya dini yao. Wao waliuliza habari za hedhi na josho, sisi tunashindwa kumwambia daktari kwamba tumbo limefunga? Na nyinyi kina mama mnaomweka mwali ndani, singo mnamsugua asubuhi na jioni, lakini nani anamuuliza kama amekwenda chooni?

Khalati hajatuambia neno mpaka leo. Gauni tulikuwa tumeshalifumua ubavuni na kuliongeza. Usiku wa kuamkia nikaha tukakaa tena kwenye cherehani, tukalirudisha inchi 27, na hiyo hatukumtoza.