Mchwa Hawakuhusika

Rejista ya waazimaji wa maktaba yetu niliiuza mimi. Niliiuza kwa kilo, pamoja na marundo ya magazeti, kwa mama aliyetafuta karatasi za kufungia senene. Hela nikanunulia rangi ya ukuta.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja katika kijiji kimoja wilayani Muleba, nami nilikuwa mkutubi wa kujitolea. Tulikuwa tumepokea maboksi ya vitabu vya msaada kutoka Marekani (kimoja kilikuwa mwongozo wa kujaza fomu za kodi za huko, aliyetuchagulia alijua mwenyewe) na rafu zilikuwa zimejaa. Nikaanza kuchambua. Amakuru ga Kiziba cha Lwamgira, kilichochapwa 1949, nilikipangusa vumbi nikakirudisha kwa heshima. Hiyo ndiyo historia, nilijiambia: ina wafalme. Vijitabu vya ngumbaru na nakala za Elimu Haina Mwisho, gazeti lililokuwa likitoka Mwanza, nikavitupa kwenye gunia.

Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilishasoma kuwa tangu 1968 mkoa wetu, ukiitwa bado Ziwa Magharibi, ulikuwa pamoja na Mwanza, Mara na Shinyanga katika mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa. Nilijua pia kuwa maktaba za vijijini zilifunguliwa miaka ya 1970 ili waliohitimu kisomo wasirudi kwenye dole gumba. Ila nilijua kama mtu ajuavyo jibu la mtihani. Lile daftari la waazimaji, lenye majina ya penseli yanayopanda na kushuka nje ya mstari, sikuona kama linahusika.

Kisha akaja bibi mmoja na mjukuu wake. Alitaka kijana aone sahihi aliyoweka siku alipoazima kitabu kwa mara ya kwanza.

"Imo kwenye daftari lile kubwa, mwanangu."

Nikamwambia limeliwa na mchwa. Akanipa pole.

Uongo ule ukanoga. Serikali ya kijiji iliponiomba historia fupi ya maktaba, niliandika kuwa kumbukumbu za mwanzo ziliharibiwa na mchwa, nikatia sahihi yangu. Chumba kile kina sakafu ya saruji na rafu za chuma. Taarifa hiyo ingali kwenye faili, na wageni wakija ndiyo wanayosomewa.