Siku ya Kutazama Ndege Kitisuru

Kitisuru ni mtaa ulio kaskazini-magharibi ya jiji la Nairobi, mahali pa vilima na mabonde yenye vijito, kimo chake zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Zamani za ukoloni nchi hiyo ilikuwa mashamba ya kahawa. Siku hizi kahawa imekwisha karibu yote, na mahali pake pamesimama nyumba kubwa zenye bustani pana na mageti ya chuma. Hata hivyo miti mingi ilisalia mabondeni, na kwa ajili ya miti hiyo ndege hawakuhama wote.

Watu wengi wasikiapo ya kuwa wako wenzao waamkao alfajiri kwenda kutazama ndege tu, bila manati wala mtego, hucheka. Lakini kazi hiyo si ya mvivu. Mwenye kuifanya yampasa awe na darubini, daftari, kalamu, viatu visivyoogopa umande, na subira kuliko hivyo vyote. Jijini Nairobi matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yalianzishwa mwaka 1971 na Bibi Fleur Ng'weno, chini ya chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909, ambacho leo huitwa Nature Kenya.

Wa kwanza kujitangaza ni kwarara. Kabla ya jua kuchomoza huruka juu ya mapaa wawili wawili wakipiga kelele, hata mwenye usingizi mzito huamka. Wakishatua huwa wapole, wakichoma ardhi kwa midomo yao mirefu kutafuta nyungunyungu na mabuu. Juu ya ua wa seng'enge hukaa ndege mdogo mweusi mwenye kifua cheupe, ambaye huwatundika panzi kwenye miiba kama mchinjaji atundikavyo nyama dukani.

Yuko na kwera, na hapa mkulima asifanye haraka kuokota jiwe. Kwera wa bustani za Nairobi si yule aletaye jeshi zima shambani. Aghalabu hujenga mume na mke peke yao, na chakula chao kikubwa ni wadudu. Mtu asiyewatofautisha humwadhibu rafiki kwa kosa la jamaa yake.

Kuanzia mwezi wa Septemba hata Aprili huonekana pia mbayuwayu watokao Ulaya. Uzito wa mmoja ni kama gramu 20 tu, naye huvuka jangwa la Sahara mara mbili kwa mwaka.

Jua likianza kuwa kali, heri mtazamaji ashuke upande wa mashariki mpaka msitu wa Karura, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, nao ni zaidi ya hekta 1,000. Humo yumo kulukulu, mwenye mwili wa kijani na mabawa mekundu. Wekundu huo una madini ya shaba ndani yake. Vilevile humo huishi tai mwenye kishungi, adui mkubwa wa kima. Mkulima aliyewahi kupokonywa mahindi na kima atamheshimu ndege huyu bila kuhimizwa.

Mambo ya tai huyo yalichunguzwa sana na Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa Idara ya Kilimo ya Kenya, akafariki mwaka 1980. Kwa miaka mingi aliwatazama tai wa Karen, upande mwingine wa Nairobi. Tai huyu hulea kwa taratibu mno. Kinda hukaa tunduni zaidi ya miezi mitatu, na akisha kuruka huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingi. Kwa hiyo kwa kawaida hupata mtoto mmoja tu katika miaka miwili. Tundu lake ni rundo zito la vijiti lirudiwalo miaka kwa miaka, na halichukuliki ila na mti mkubwa. Mti kama huo hukatwa kwa saa moja.

Karura wenyewe ulikaribia kugawanywa viwanja vya nyumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipinga, na tarehe 8 Januari 1999 walipigwa na kundi la watu walipokwenda kupanda miti, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu ukabaki. Mabonde ya Kitisuru hayana ulinzi kama huo. Kila mwenye kiwanja huamua peke yake, na mjenzi mara nyingi huanza kwa shoka.

Jioni daftari hufunguliwa, huandikwa kila ndege, idadi yake, saa na mahali alipoonwa. Kwarara wamekwisha kurudi mitini. Kama tai hakuonekana, hilo nalo huandikwa pamoja na tarehe, ili atakayekuja mwakani apate la kulinganisha.