Ukuta wa Jikoni

Watu wengi hudhani kwamba ukuta wenye marumaru umekwisha kuandaliwa: ni safi, umenyooka, kilichobaki ni kupiga lipu juu yake. Fundi kijana tuliyemwita nyumbani kwetu hapa Mpanda alidhani hivyo pia, tena akataja bei kabla hajaugusa.

Chumba chenyewe kilikuwa jiko la ndani. Mke wangu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalegea, tukaona heri alale hapo, jirani na choo, kuliko chumba cha zamani chenye ngazi tatu. Lakini kuta zilikuwa na marumaru nyeupe hadi kimo cha mtu. "Mwalimu," akaniambia, "sitaki kulala wodini." Maneno hayo yalinigusa, maana marumaru hizo alizinunua yeye mwenyewe kwa fedha ya mpunga wake, miaka michache baada ya Katavi kuwa mkoa mwaka 2012. (Tunaziita marumaru kwa mazoea tu, hizi si mawe, ni udongo uliochomwa na kupakwa kioo usoni.)

Na hicho kioo ndicho chenye shida. Lipu hushika kwa kuwa ukuta hunywa maji yake na una mikwaruzo ya kung'ang'ania. Tofali la kuchoma hunywa, kioo hakinywi. Lipu iliyopigwa juu yake yaweza kukaa vizuri msimu mmoja, kisha ikaachia pande zima, na chini yake amelala mtu asiyeweza kuruka.

"Mwalimu, tukizidonoa kidogo itashika," fundi akasema. Sikumbishia. Nilimwomba agonge kwanza. Kila marumaru hugongwa kwa mpini wa nyundo: iliyoshika hutoa sauti fupi na nzito, iliyoachana na ukuta hulia kama debe. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni, akawa anamtangulia kutamka: "Tupu. Tupu. Hiyo imeshika." Ugonjwa haukugusa masikio yake. Baada ya muda fundi akawa kila akigonga anageuka kumtazama yeye. Zaidi ya nusu zilikuwa tupu. Zilipobanduliwa, sababu ikaonekana: aliyezibandika alizibandika juu ya rangi ya mafuta bila kuikwangua.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo, kama madarasa mengi tuliyoyajenga na wazazi baada ya Azimio la Musoma la 1974, lilipotakiwa kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Ukuta wa namna hiyo haupendi nyundo kubwa. Tulizima umeme, tukafunga maji, tukaanzia juu kushuka chini, tindo pana ikilazwa nyuma ya marumaru na kugongwa polepole. Fundi nilimvalisha miwani yangu ya zamani na kitambaa puani, kwa kuwa vipande vyake hukata kama wembe na vumbi lake si la kuvuta. Zilizokataa kabisa, kama kumi na tano hivi juu ya linta, tuliziacha, zikachongwa mpaka kioo kikatoka na udongo wake ukaonekana.

Kazi iliyofuata haina sifa, na ndiyo iliyochukua siku. Kukwangua rangi yote. Kuchimbua udongo wa viungo kina cha kidole. Kuosha kwa sabuni ile sehemu ya juu ya jiko, iliyokuwa na mafuta ya miaka ya maandazi. Jioni ukuta ulimwagiwa maji, asubuhi fundi akaurushia uji wa saruji kipimo kimoja na mchanga mnene vipimo viwili, kwa mwiko, bila kuusawazisha. Kesho yake ulikwaruza kama mgongo wa mamba wa mto Katuma. Hapo ndipo lipu ilipopigwa, nyembamba, mashimo yakiwa yamejazwa kwanza, kisha ikanyweshwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Bei iliongezeka, nami nikailipa. Mke wangu aliomba abakishiwe marumaru mbili nzima za kutulia sufuria ya moto. Sasa tunangoja ukuta ukauke. Mimi nilitaka rangi nyeupe. Yeye keshamtuma mjukuu kuuliza bei ya kijani.