Kigoma, upepo wa ziwa na swali la mama wa Kibirizi

Kigoma. Upepo wa Ziwa Tanganyika una ratiba yake. Usiku hushuka kutoka milimani kuelekea majini. Mchana hugeuka, ukapanda kutoka ziwani hadi mlangoni kwa mtu. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huja kuivuruga ratiba hiyo, mawimbi hunyanyuka, na abiria wa boti za vijijini hujikuta wamelala mjini bila kupanga.

Watu wa huku wanautumia upepo huo tangu zamani bila kuuita nishati. Ndio unaosaidiana na jua kukausha dagaa. Fika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, saa tatu asubuhi ya siku isiyo na mawingu. Utawakuta kina mama wameinama juu ya dagaa waliotandazwa, wengine mchangani, wengine kwenye vichanja vya nyavu. Dagaa wa kichanjani hukauka haraka kwa sababu upepo hupita juu na chini yao, tena hawana mchanga. Ukinunua dagaa wa kusaga kwa ajili ya chakula cha mtoto, tafuta hao. Wale wa mchangani utawaosha mpaka uchoke, na bado jino litagonga.

Hapo Kibirizi ndipo nilipokutana na mjadala wa umeme wa upepo. Tulikuwa tunasubiri boti ya kwenda kaskazini, upande wa Mwamgongo na Kagunga, na ziwa lilikuwa limekataa. Kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha video ya mitambo ya upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu. Akasema kwa upepo huu tunaoulalamikia hapa, kijiji kizima kingewaka taa. Watoto wakaikodolea macho simu, wakaiita panga boi.

Lilikuwa wazo la watu wanaosubiri boti, si mradi uliopimiwa kiwanja. Hata hivyo, nusu saa baadaye lilikuwa limezaa wasiwasi kama mradi wa kweli. Mama mwenye mtoto mgongoni aliuliza kama mtoto mchanga ataweza kulala na ngurumo ile. Mwenzake alitaka kujua kama ni kweli mapanga hayo yanaharibu mimba, maana amesikia. Baba mmoja aliuliza habari ya ardhi. Na mvuvi mmoja akauliza: upepo ukishachukuliwa na mapanga, utabaki wa kukaushia dagaa? Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Kwanza, kwa nini mtu autamani umeme huo? Anayekaa mjini Kigoma anaweza kusahau. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, mpaka ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa katika miaka hii ya 2020. Lakini ufukwe wa ziwa ni mrefu, milima inashuka wima hadi majini, na nguzo hazipandi milima kwa maneno. Kagunga, mpakani na Burundi, ilijulikana nchi nzima Mei 2015, wakimbizi walipofurika pale na kipindupindu kikazuka. MV Liemba, meli iliyozinduliwa upya mwaka 1927 baada ya kuzamishwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ndiyo iliyotumika kuwahamishia watu Kigoma mjini, kwa sababu gari halikuwa na njia ya kufika.

Kwenye kijiji cha namna hiyo, taa ni suala la afya. Mjamzito akifika zahanati saa nane usiku, mkunga anahitaji mwanga wa kuonea damu inatoka wapi, na tochi ya simu iliyoshikwa mdomoni haitoshi. Chanjo zinahitaji jokofu. Nyumbani nako, pasipo umeme kuna koroboi, na penye koroboi kuna mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Wazazi, hili nalisema kila ninapopata nafasi: mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike. Mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mkimbize kituo cha afya.

Kigoma si wageni wa ahadi za umeme, wala wa ahadi zinazobadilishwa njiani. Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Millennium Challenge, na ndani yake ulikuwamo mtambo wa umeme wa maji kwenye maporomoko ya Igamba, Mto Malagarasi. Mto ulipochunguzwa, vikakutwa viumbe adimu ambavyo mtambo ungeviweka hatarini, na mpango huo ukaachwa. Badala yake ikaja sola kwa shule za sekondari, vituo vya afya, zahanati na masoko ya vijijini. Igamba imerudi baadaye kwa mradi mwingine, wa megawati 49.5. Mimi nauona uamuzi ule wa kuacha kuwa wa heshima: mtu aliuliza swali kabla ya zege kumwagwa, na jibu likabadilisha mpango. Kwingine mambo hayakwenda hivyo.

Walipouliza wakajibiwa kwa kuchelewa

Nchini Kenya, kwenye uwanda wa Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ulipangwa mradi wa upepo wa megawati 60. Eneo lile ni la wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mashamba madogo yaliyobanana. Wasiwasi wao ulikuwa uleule wa Kibirizi: ardhi, fidia, afya ya watu na ya mifugo. Majibu yalichelewa, uvumi ukawahi. Yakaja maandamano na kesi, na mwezi Februari 2016 wawekezaji wakatangaza kuwa mradi hauwezi kukamilika.

Kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, mradi mkubwa zaidi ulisimama: mitambo 365, megawati 310. Huko upepo ni mkali hasa na watu wametawanyika, hivyo kelele haikuwa hoja kuu. Hoja ilikuwa ardhi. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata sheria. Na umeme wenyewe husafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda kusini, ukipita juu ya vichwa vya watu ambao usiku wao uko palepale.

Hapa kwetu mfano upo Mufindi, mkoani Iringa. Mradi wa Mwenga ulianza na umeme wa maji mwaka 2012, ukihudumia vijiji na mashamba ya chai, kisha mwaka 2020 ukaongeza mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4. Hesabu yake ni rahisi kuelewa: kiangazi maji ya mto yanapungua, na ndicho kipindi upepo wa kule unapozidi. Kimoja kinamshika mkono mwenzake. Vijiji vilikuwa tayari vinaujua umeme wa kampuni hiyo kwenye balbu zao kabla mapanga hayajaanza kuzunguka, na nadhani hilo lina uzito kuliko mabango yoyote ya uhamasishaji.

Sasa mtoto atalala?

Nirudi kwa swali la mama, kwa kuwa ndilo la fani yangu. Mtambo wa upepo una sauti, hasa ule mvumo wa kupanda na kushuka kila panga linapopita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele kwa nchi za Ulaya wa mwaka 2018, linashauri kelele ya mitambo hii isizidi wastani wa desibeli 45 mahali watu wanapoishi. Hicho ni kiwango cha chini kuliko sauti za watu wawili wanaozungumza kawaida. Mnara ukisimikwa mbali na nyumba inavyotakiwa, mtoto wa Kibirizi ataamshwa na injini ya boti na jogoo kabla ya kuamshwa na panga.

Kanada iliwahi kuchunguza kaya zaidi ya 1,200 zinazoishi karibu na mbali na mitambo, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Kelele haikuhusishwa na magonjwa wala na usingizi uliopimwa kwa vifaa. Kilichoonekana ni kero: sauti ilivyozidi, ndivyo watu walivyozidi kukerwa. Utafiti mwingine wa Uholanzi ulikuta jambo ambalo mtu yeyote aliyepanga uswahilini angelitabiri. Wale waliokuwa wakipata fedha kutokana na mitambo hawakukerwa kama majirani zao, ingawa sauti waliyoisikia ilikuwa kubwa. Muziki wa harusi ya kwenu hauumizi kichwa.

Kuhusu mimba, hakuna ushahidi kwamba mapanga ya upepo yanaiharibu. Kuhusu kivuli kinachokatakata jua dirishani, kinaudhi kweli, na dawa yake ni kupanga mnara usimame upande ambao kivuli hakifiki nyumbani. Lakini mapanga makubwa huzunguka taratibu mno kuweza kuamsha kifafa. Na mvuvi wetu? Upepo hupungua nyuma ya mtambo, kisha hujijaza tena kadiri unavyokwenda mbali. Mapanga ya mlimani hayatawanyima dagaa wa mwaloni.

Ninachokiogopa mimi hakikuulizwa na mtu siku ile. Upepo haupigi saa zote, kwa hiyo mradi mdogo wa kijiji kisicho na gridi unahitaji betri. Zile za bei nafuu, za aina ya betri za magari, zina madini ya risasi. Zikichoka, mara nyingi huishia uani, fundi anazipasua kuchukua madini, tindikali inamwagika, na watoto wanacheza palepale. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Wauguzi wa vijijini wanaijua upande wa pili wa hadithi hii kutokana na sola: betri inakufa baada ya miaka michache, fungu la kununua nyingine halipo, chumba cha kujifungulia kinarudi gizani. Kama kuna swali moja la kubeba kwenda mkutanoni, ni hili: betri zitabadilishwa kwa fedha gani, na zilizokufa zitapelekwa wapi?

Na mkutano huo si fadhila ya mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi, lakini chini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkazi mtu mzima, mama mwenye mtoto mgongoni akiwamo. Kabla ya hapo kuna kazi ya kimyakimya zaidi: mlingoti wa kupimia upepo husimama kwa mwaka mzima au zaidi, maana upepo wa Julai hauwezi kuusemea wa Januari. Kijiji kikiona mlingoti unasimikwa, huo ndio wakati wa kuanza kuuliza. Ukishaona makontena, umechelewa.

Boti haikuondoka siku ile, nami nikageuza kwenda Ujiji. Kutoka Kigoma mjini ni mwendo mfupi wa daladala kupitia Mwanga. Wageni huenda kuona kumbukumbu ya Livingstone, pale chini ya miembe, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Mimi hunivutia zaidi jioni yake: mabaraza, kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono, harufu ya mawese kutoka jikoni, na upepo wa ziwa unaopita uchochoroni kama mtu wa nyumbani.

Kwenye baraza moja niliwasimulia wazee habari ya panga boi. Mmoja wao, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, alinyoosha mkono kuelekea ziwani. Akanionyesha ufukwe ulipokuwa enzi za utoto wake, ulikorudi nyuma baadaye, na mahali maji yalipofika miaka ya karibuni yalipopanda na kumeza nyumba za watu. Ufukweni, alisema, usisimike kitu unachotaka kikukute uzeeni. Basi juu, nikamwambia, kwenye mgongo wa mlima ambako upepo ni mwingi. Akakubali kwa kichwa, akanywa kahawa yake, kisha akauliza hayo mapanga yana urefu gani. Nikamjibu kuwa la mtambo mkubwa moja tu laweza kuzidi mita 40, na hubebwa zima, halikatwi. Akatazama mlima kwa muda. Akataka kujua barabara ya kulipandisha huko itapita kwenye michikichi ya nani.