Gari Lipi la Kwenda Nalo Rwanda?

Barabara itokayo Kampala kwenda Kigali ina urefu wa kilomita 510 hivi. Hukata mstari wa ikweta pale Kayabwe, hupita Masaka na Mbarara, hupanda milima ya Kabale penye baridi, kisha huteremka bondeni mpaka Katuna, mahali ambapo Uganda inakoma na Rwanda inaanza. Ng'ambo ya pili panaitwa Gatuna. Milima ni ile ile, na mvua ni ile ile, lakini sheria ya barabara hugeuka hapo hapo. Uganda, iliyotawaliwa na Waingereza, huendesha magari kushoto. Rwanda, iliyopita katika mikono ya Wabelgiji, huendesha kulia. Basi msafiri aendaye Rwanda kwa gari lake hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kununua petroli: gari lipi linafaa safari hii?

Swali hilo lilikuwa limelala kwa muda mrefu. Tangu Februari 2019 hadi tarehe 31 Januari 2022 njia ya Gatuna haikupitika kwa msafiri wa kawaida, na watu wenye jamaa pande zote mbili walikaa karibu miaka mitatu wakisikiana kwa simu tu. Machi 2022 vituo vingine vya mpakani navyo vikafunguliwa. Mwaka huo, likizo ya Desemba ilipokaribia, familia nyingi zilianza kuhesabu akiba zao.

Miongoni mwao ilikuwa familia ya sajini mmoja wa polisi, mkazi wa Kampala, mwenye mke na watoto watatu. Mke huyo alilelewa na mama yake mdogo, naye bibi huyo anaishi Musanze, chini ya milima ya volkano, kilomita 100 hivi kutoka Kigali. Habari zilizokuja kwa simu hazikuwa njema: macho yake yalikuwa yakififia. Alikuwa na ombi moja, awaone wajukuu kabla giza halijafunga. Sajini akaomba ruhusa ya siku kumi, akapewa.

Magari yaliyokuwapo ni mawili. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe, Toyota Corona ya sisi 1,600, kuukuu, lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika Japani. La pili ni Land Cruiser ya shemeji yake, ndefu, nyeupe, yenye sauti nzito, nayo alikuwa amekubaliwa kuiazima. Gari la serikali halihesabiwi katika mambo haya hata kidogo. Lina kazi yake, na likizo si kazi.

Sajini alilitamani lile kubwa. Alisema hivi jioni moja, "Mama watoto, tutaingiaje ukweni na kigari hiki? Watu watasema nini?"

Mkewe akamjibu, "Baba watoto, mama mdogo haoni vizuri. Gari atalipapasa tu."

Hata hivyo sajini hakukubali mara moja, wala si haki kumcheka. Mwanamume aliyefanya kazi miaka mingi hupenda kufika ukweni kwa heshima. Lakini heshima haijazi tangi. Njia waliyoichagua ilikuwa kwenda kwa Gatuna na Kigali, na kurudi kwa Cyanika, Kisoro na Kabale. Pamoja na mizunguko ya huku na huku ilikaribia kilomita 1,200. Gari dogo likienda kilomita 12 kwa lita, hutumia lita 100. Gari kubwa linalokwenda kilomita 6 kwa lita hudai lita 200. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto, au ni godoro, na kila mke wa askari aijua hesabu hiyo bila kalamu.

Zaidi ya petroli palikuwa na jambo la hati, na hilo ndilo lililokata shauri. Shemeji alipoleta kadi ya gari, jina lililoandikwa halikuwa lake. Lilikuwa la mtu aliyemwuzia, ambaye tangu hapo alikuwa amehama na simu yake haipatikani. Mjini mtu aweza kuendesha gari la namna hiyo miaka mingi bila kuulizwa. Mpakani haiwi hivyo. Afisa wa forodha hutaka kujua gari ni la nani, na ikiwa dereva siye mwenyewe, hutaka barua ya mwenye gari ya kumruhusu kulitoa nchini. Barua hiyo angeiandika nani? Sajini, ambaye kwa kazi yake amewarudisha watu wengi kwa makosa madogo kuliko hayo, alinyamaza kitambo. Kisha akairudisha ile kadi kwa heshima.

Hati za gari lake zilikuwa safi. Lililobaki ni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima inayovuka mipaka, ambayo hulipia madhara anayofanyiwa mtu mwingine katika nchi ya ugeni. Hupatikana kwa wenye bima nyumbani, kabla ya kuondoka, nayo hutumika Rwanda, Burundi, Kenya na Tanzania pia. Vitambulisho vya taifa vilitosha kwa watu wazima, kwa kuwa tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Rwanda na Kenya huweza kusafiri kwavyo. Hati za watoto zilitengenezwa mapema. Sare za kazi zilibaki sandukuni. Askari akivuka mpaka kwa likizo huvuka kama raia, na yule aliyezoea kusimamisha magari ajiandae kusimamishwa.

Fundi alilipima lile Corona kwa siku nzima. Alikuta vibao vya breki vya mbele vimekwisha, na tairi moja limebaki uso mtupu. Vikabadilishwa, pamoja na mafuta ya breki yaliyokuwa yamegeuka meusi. Matumizi hayo yaliuma, lakini anayeijua miteremko ya Kabale hawezi kuyaita ya anasa. Kwenye milima ile dereva anayekanyaga breki toka kileleni hadi bondeni huzipasha moto mpaka zikakosa nguvu. Dawa yake ni gia ndogo: ile anayopandia ndiyo ateremkie. Gari zito lililojazwa watu na mizigo huadhibu kosa hilo zaidi kuliko jepesi.

Ni haki pia kusema pale ambapo gari kubwa lina sifa yake. Anayekusudia kufika Kinigi na kuendelea mpaka inapoanzia miguu ya volkano, au kuzunguka mbuga ya Akagera wakati wa mvua, au kupita barabara za udongo za Bwindi akiwa bado Uganda, huyo na achukue gari la magurudumu manne yenye nguvu, tena alishukuru. Lakini kutoka Katuna hadi Kigali, na Kigali hadi Musanze, ni lami. Mtu anayekwenda kumwona bibi hana haja ya kubeba chuma kingi hivyo.

Sasa kuhusu kuendesha kulia kwa gari lenye usukani kulia. Hapa ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kazi ni kukumbuka upande tu. Upande hukumbukwa haraka, maana magari mengine yanakukumbusha. Taabu iko katika kupita gari lililo mbele. Dereva wa namna hiyo hukaa ukingoni mwa barabara, na lori likiwa mbele yake haoni kitu ila matope ya trela. Ili aone, lazima alitoe gari lote katikati ya njia, na katika nchi ya milima na kona huko ni kucheza na roho. Mwenye kuona ni yule aliyekaa kiti cha mbele upande wa kushoto. Kwa hiyo kiti hicho si cha mtoto, wala si cha mtu wa kulala. Sajini na mkewe walikubaliana maneno mawili tu, "Bado" na "Pita," nao wakayafanyia mazoezi kabla ya safari. Asiposikia neno, hapiti.

Taa nazo ni hatari isiyosemwa sana. Taa za gari lililotengenezwa kwa nchi za kushoto zikiinamishwa huangaza zaidi ukingo wa kushoto. Huko Rwanda upande huo ndio wanakotoka wenzako, na mwanga wako huwapiga machoni. Basi wakaazimia kutoendesha usiku hata mara moja.

Mama wa nyumba alikuwa na shughuli yake. Chakula cha njiani kilifungwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa vikapuni, wala si katika mifuko ya plastiki, kwa kuwa Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008. Mtoto wa pili hutapika kwenye kona. Akaandaliwa chai ya tangawizi na kiti cha karibu na dirisha. Karanga, samli na vitenge viwili vya bibi viliingia nyuma, na mkungu wa matoke ukakataliwa kwa uzito wake.

Waliondoka saa kumi alfajiri. Mchana walikuwa Katuna, wakapiga foleni, wakaonyesha kila karatasi waliyoulizwa. Walipovuka, saa zao zikarudi nyuma saa moja, kwa kuwa ndivyo majira ya Rwanda yalivyo. Barabara ilishuka kando ya mashamba ya chai ya Mulindi, yaliyojaa bonde zima kama zulia, na sajini hakuyaona vizuri kwa jinsi alivyoushika usukani. Vibao vya kilomita 60 kwa saa vilikuwa vingi, na kamera zikisimama kando ya njia bila kupungiwa mkono wala kupigiwa saluti.

Kigali wakakutana na kipilefti. Neno lenyewe linamwamuru mtu kushika kushoto. Huko ni jina la uongo, kwani huzungukwa kwa kushika kulia. Sajini alisimama kidogo, honi zikalia nyuma yake, mkewe akasema "Bado," kisha "Pita," wakapita. Walilala mjini, ingawa mwanga ulikuwa haujaisha, wakashika njia ya Musanze asubuhi.

Bibi alikuwa amesimama nje tangu aliposikia mlio wa gari. Alilipapasa kweli, kuanzia boneti hadi taa ya nyuma, akapangusa vumbi kwa kanga yake, akauliza, "Wote watano mmekaa humu?" Kisha akageuka na kuanza kupapasa nyuso za watoto, mmoja mmoja, akianza na mkubwa. Yule mdogo, ambaye alizaliwa mpaka ukiwa umefungwa, alimwacha amshike masikio kwa muda mrefu.

Siku ya kurudi walipita Cyanika, chini ya mlima Muhabura wenye urefu wa mita 4,127. Baada ya mpaka sajini aliondoa gari taratibu, akashika kulia.

"Baba, kushoto!" watoto walipiga kelele kwa pamoja.

Akarudi kushoto. Sasa alikuwa akiona barabara yote mwenyewe, lakini mpaka wanafika kwenye kona za Kanaba, ng'ambo ya Kisoro, mkewe alikuwa bado anasema "Bado" kila walipofuata lori, naye alikuwa bado anamtii.